Uso wa Chini

Mchoraji alianza na miguu. Kisu kilipita taratibu, rangi ikabanduka na kuanguka kwenye magazeti aliyotandika sakafuni. "Mbeba Maji", mwanamke mwenye mtungi kichwani, ndiyo picha pekee aliyokuwa amebaki nayo. Nyingine zote zilikuwa ng'ambo, kwenye kuta za watu.

Chini ya Mbeba Maji alikuwapo mkewe.

Alimchora mwaka waliooana. Kisha hali ikawa ngumu, kitambaa cha kuchorea hakuna, na mkewe mwenyewe ndiye aliyesema, "Paka juu yangu. Mimi si nipo hapa?"

Sasa hayupo. Udongo wa kaburi haujakauka, na mchoraji ameshaanza kuusahau uso wake. Hofu hiyo ilimtesa kuliko msiba wenyewe. Marehemu hakupenda kupigwa picha, kwa hiyo haikubaki hata moja. Alijaribu kumchora kwa kumbukumbu, lakini mganga hajigangi. Mtu anayesifiwa kila mahali kwa kuwatukuza wanawake, kila akishika penseli, mkono ulimletea wale wale wa kwenye picha zake. Akazichana karatasi zote.

Na wageni waliokuja kununua picha, hao walimkumbuka. "Tuliwahi kuonana wapi, mama?" walikuwa wakimwuliza, naye akicheka tu na kwenda kuwachemshia chai. Watu baki wanamkumbuka, mume ameshindwa. Aliona aibu hadi akajichukia.

Akafika kiunoni, begani, shingoni. Chini palikuwa peupe. Rangi ya zamani ilikuwa ikibanduka pamoja na mpya. Labda uso umesalimika, alijiambia. Akamwomba Mungu. Akapitisha kisu kidevuni, mdomoni, kisha kwenye macho.

Peupe.

Binti yake aliingia na sahani ya chakula, akasimama mlangoni. Aliitazama picha, akayatazama magazeti.

"Baba, umefanya nini?"

"Namtafuta mama yako. Yuko chini ya huyu."

Binti aliweka sahani chini, akapiga magoti, akaanza kuokota vipande vya rangi kimoja kimoja: kipande cha shavu, kipande cha jicho.

"Huyu ndiye aliyekuwa mama," alisema. "Wote uliowachora, baba, ni mama."