Kisomo cha Wanawake

Yeremia hakuwa na bati. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na sabuni tangu mwezi uandame, na shati lake halikuwa na kola. Mikorosho yake ilibaki kule alikohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kitandani kulikuwa na nafasi ya mtu mzima na nafasi ya mtoto. Hizo ndizo zilizomnyima usingizi.

Asubuhi hiyo alipata barua kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

Aliyeituma alikuwa Modest. Mwaka 1968 Modest alivuka mto akikimbia ndege za Wareno, na kaniki moja tu kiunoni. Yeremia akampa chumba, jembe na miaka saba ya kula. Msumbiji ilipopata uhuru, Modest alirudi kwao na Justa, mke wa Yeremia, pamoja na Anastasia, binti wa Yeremia na Justa. "Kwetu maji yako mlangoni," alimwambia mke wa watu. "Hapa Newala utakufa na ndoo kichwani."

"Soma kwa sauti," alisema mzee Bwanali, balozi wa nyumba kumi, aliyefika mara tu alipomwona Lukmani mwenye mtumbwi akileta bahasha.

Yeremia akasoma: "Kaka, maji yapo, lakini mashamba yamejaa mabomu yaliyofukiwa. Jirani yangu amebaki na mguu mmoja. Nguo hakuna. Nasikia huko mnagawiwa unga, na shule ni bure. Nikija na familia yangu, utanisamehe? Niambie kweli, wapi pana nafuu?"

"Familia yake!" Bwanali alitema mate. "Na hati hii ya nani? Yule si hajui hata kushika kalamu?"

"Ya Justa. Yeye anasema, Justa anaandika."

Bwanali akacheka hadi akakohoa. Alimkumbuka Modest akichungulia dirisha la darasa la watu wazima, Yeremia na Justa wakiwa wamebanana dawati moja, akamwigiza: "Kisomo cha wanawake hicho, Yeremia! Leo umevaa kanga gani?"

Yeremia aliirudia barua hadi mistari ya chini kabisa. Safari hii hakusoma kwa sauti.

"Mdanganye," alisema Bwanali. "Mwambie sukari tunawamwagia kuku. Akija, mgambo watamkaribisha vizuri."

"Panga la mgambo huua mara moja tu, mzee. Mimi nitamwandikia kweli."

Akachukua kalamu, akaandika huku akitamka kila neno. "Maji yetu ni kuteremka bondeni na kupanda nayo. Sukari ni robo kilo kwa mwezi, ukiwahi foleni. Unga wa msaada ni wa njano, unasokota tumbo. Nchi zote mbili nimezipima, Modest. Yako ni bora. Kaa huko, mdogo wangu. Lima. Lima kila mahali."

Bwanali alianza kucheka, kisha akanyamaza. Neno lile la mwisho lilikuwa limemfika.

"Ee, baba Anastasia. Unataka akanyage bomu?"

"Nataka alime."

"Na mtoto je? Si naye yumo humohumo?"

Yeremia alikuwa akipuliza wino ukauke.

"Basi hata nusu karatasi umeiacha nyeupe," Bwanali alisema, akiinuka bila kuaga vizuri. "Umekosa hata salamu za kumpa mwanao."

Bwanali alipokwisha kupotelea nyuma ya mihogo, Yeremia aliilalia tena karatasi, na sasa hakutamka kitu:

"Justa, nimeyasoma uliyoyaongeza mwisho wa barua yake. Hayo ya juu msomee. Haya usimsomee: Ijumaa alfajiri Lukmani atakuwa kivukoni, mtumbwi una nafasi ya wawili."

Akaifunga bahasha kwa uji wa muhogo, akamkabidhi Lukmani.