Mshale wa Shemdoe

Daktari alisema nyuzi nyingi za kusoma mawazo walizopachika ndani ya ubongo wa Shemdoe zimechomoka. Huenda zilizobaki zikafanya kazi, huenda zisifanye. Shemdoe, ambaye tangu avunjike shingo hawezi kusogeza hata kidole, alijibu, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa chai imekwisha. Daktari akaaga.

Siku za mwanzo alikuwa akicheza bao kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Mshale ulikwenda alikotaka, ukaokota kete, ukazisambaza shimo kwa shimo. Sasa ulikuwa umeganda kiooni kama nzi aliyekufa.

"Jaribu tena, Baba Siwatu," alisema mkewe Zamda, aliyeketi ubavuni pake, mkono mmoja ndani ya khanga. "Usikate tamaa."

Shemdoe akawaza shimo la kushoto, lenye kete nyingi. Mshale ukatikisika, ukaenda kulia. Ukaokota kete mbili, ya mwisho ikaangukia shimo tupu, na zamu ikalala, ikaisha hapo. Miaka yote ya ndoa yao, Zamda alipocheza naye barazani, alianzia mashimo ya upande wa kulia, na zamu yake ililala hivyo hivyo.

Chini ya khanga, kipanya cha kompyuta kilikwaruza kidogo.

"Umeona?" Zamda alisema. "Si umeona lakini?"

"Nimeona, mama."

Kompyuta ikacheza, zamu yake ikarudi. Shemdoe akaacha kuwaza kabisa, akatulia kutazama. Mshale ukasitasita juu ya mashimo, kisha ukaenda kulia.