Uzi Uliorukwa

Katika mji ule, mfumaji hakati mwenyewe nguo aliyomaliza kuifuma. Humwita mwenziwe aje amkatie. Ndiyo maana Mzee Kombo alisimama mbele ya kitanda cha kufumia cha mwanafunzi wake, Shali, mkasi mkononi, roho inamuuma. Miaka yote nguo ya bibi harusi aliifuma yeye. Safari hii wamempa huyu, aliyemfundisha mwenyewe! Akaipapasa nguo, akitafuta kasoro. Ukingoni akaipata: kila baada ya shubiri, uzi mmoja umerukwa.

“Umeruka uzi,” alisema, akijizuia kucheka.

“Si ndiyo nakshi yako, fundi? Nguo zako zote zinayo. Mwaka mzima nimejifunza kuiiga.”

Kombo akakitazama kidole chake kilichopinda tangu ujana, ambacho uzi ule hukiponyoka kila mara. Mkasi ukabaki wazi.