Mama Asiyejua Kuigiza

Kwa mara ya saba Rosalie alipiga magoti mbele ya kaburi lisilo na mtu, na kwa mara ya saba macho yake yakabaki makavu.

Théophile alisimamisha kamera na kujitupa kwenye majani. Alikuwa hoi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka 1957, na kesho yake baada ya misa kamera ilitakiwa kurudi kwa padri wa Masisi aliyemwazima. Kwenye mkanda zilibaki dakika mbili tu, na mkanda mwingine hangeupata popote. Filamu yenyewe ilikuwa fupi: mama anamzika mwanawe. Bila chozi la mama, hakuna filamu, na wiki nzima ya kupanda na kushuka vilima ingekuwa kazi bure.

"Huyu mama hajue kuigiza ata kidogo," alimnong'oneza shemeji yake Callixte, aliyembebea vyombo. Callixte, ambaye miguu ilimvimba tangu Jumatano, alisema yeye alishaliona hilo siku ya kwanza.

Kosa lilikuwa la Théophile mwenyewe. Alimchagua Rosalie kwa sababu mwanawe wa pekee, Evode, alikwenda Walikale kuchimba bati na hajaonekana huu mwaka wa pili. Alidhani mama wa namna hiyo machozi yake yako karibu. Kumbe wapi. Kila adhuhuri Rosalie alipakua bukari, ule ugali wa mihogo, na maharagwe kwenye sahani ya Evode, akamwambia mumewe, mzee Kanyamibwa, kwamba kijana hakosi kuja na lori la kesho. Mzee alikuwa kitandani, mgonjwa wa moyo, na muuguzi wa misheni alikwisha kuonya asishtuliwe kwa lolote. Ndiyo maana Rosalie alikubali kuigiza kwa sharti moja: wafanyie kazi yao kwenye shamba la bondeni, ambako sauti haifiki nyumbani.

Na kuhusu kulia, alikuwa na jibu lake tangu Jumatatu.

"Kumulilia muntu mwenye iko muzima ni kumuita kifo," alisema, tena akitabasamu. Kisha akauliza kama wamemaliza, maana mzee alihitaji kugeuzwa ubavu.

Sasa jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima. Théophile alimtazama yule mama aliyepiga magoti kama mtu anayengoja zamu yake kisimani, na hasira za mchovu zikampanda. Aliuzungusha ufunguo wa kamera, akaweka jicho mahali pake, akaanza kupiga. Halafu akasema kutoka hapo hapo alipo.

"Mama Evode, nilikuficha neno. Juzi shofere mumoja wa Walikale aliniambia udongo ulianguka kwenye mugodi. Evode alikufa."

Rosalie alianguka kifudifudi juu ya ule udongo, akalia. Alilia kilio cha kutoka tumboni, akimwita mwanawe kwa jina, akipiga ardhi kwa viganja mpaka vikachubuka. Callixte aligeuka akatazama pembeni. Théophile hakugeuka. Alipiga picha mpaka mkanda ukaisha na kamera ikanyamaza, na mama yule alikuwa bado analia.

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikwisha pale pale. Alimwendea, akapiga magoti ubavuni pake, akamwomba msamaha. Hakukuwa na dereva yeyote, alimwambia, wala udongo ulioanguka. Maneno yote aliyatunga ili amtoe machozi. Saa hizi pengine Evode amekaa kule Walikale anakula chakula chake, salama salimini.

Rosalie aliinuka akakaa. Alijipangusa uso kwa pindo la kitenge, akakohoa kidogo ili sauti irudi. Kisha akaangalia juu kwenye nyumba, kwa muda mrefu, mpaka aliporidhika kwamba hakuna aliyesikia.

"Evode nilimuzika miye mwenyewe, kule Walikale, mwezi wa tatu," alisema polepole. "Papa yake anazania nilienda soko ya Sake kuuza mihogo."