Kengele Tatu

"Kosa lake nini? Nakuuliza wewe, Alfonsi, kosa lake nini?"

"Shemeji, punguza sauti. Bwana Meneja anasikia."

"Asikie! Ndiyo maana nimeipaza."

Mafundi waliweka spana chini. Apolonia, mpika chai wa gereji, alikuwa amemzibia nyapara Alfonsi njia mbele ya mlango wa ofisi, birika la moto mkononi. Nyuma yake alisimama mumewe Gozbert, fundi wa injini, kofia ameishika kifuani kama mtu aliyeko msibani.

"Asubuhi hakukisalimu kioo," alisema Alfonsi.

"Alikuwa chini ya lori! Asalimu kwa miguu?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajidai anakohoa.

Kioo chenyewe kilikuwa hapo mlangoni, kizito, chenye ukungu, na nyuma yake kilionekana kivuli cha pama, ile kofia pana ya Bwana Meneja. Kampuni ilikuwa ya Waingereza. Ilileta magari kwa meli, na mameneja kwa meli hiyohiyo, na mafundi wa Chang'ombe walikuwa wakinong'ona kwamba magari ndiyo yaliyofika na vipuri vyote.

Huyu wa sasa aliwahutubia siku moja tu, Alfonsi akitafsiri: kiongozi hodari haonekani, bali huhisiwa. Akaingia ofisini, akafunga mlango. Tangu hapo ikawa amri kila fundi avue kofia na kukisalimu kioo kabla hajashika kazi. Aliyeruhusiwa kuingia ni Alfonsi peke yake. Akishaingia, ndipo kengele hulia. Ikilia mara mbili, Bwana anataka chai. Ikilia mara tatu, aliyesimama mlangoni hana kazi tena, na askari wa geti amtoe papo hapo, bila swali, bila kuaga. Huko Ulaya, Alfonsi alisema, wakubwa walifurahi mno. Gereji ya Dar es Salaam haikuwa na manung'uniko hata kidogo.

Apolonia hakuwahi kumchukia Mzungu huyo. Alilijua tumbo lake, na anayelijua tumbo la mtu hudhani amemjua mtu mzima. Mwanzoni Bwana alikunywa chai bila sukari, maandazi akayarudisha yalivyo. Masika yalipoanza akabadilika. Akataka sukari tele, kisha mihogo ya kukaanga, na juzi Alfonsi alileta habari kwamba Bwana anaomba dagaa. Apolonia aliutangazia mtaa wao mzima wa Keko kuwa amemfuga Mzungu kwa mapishi.

Ndiyo sababu leo hakuamini. Mtu anayekula dagaa wako atamfukuzaje mumeo kwa ajili ya salamu? Tena chumba walichoishi kilikuwa cha kampuni. Kazi ikienda, chumba nacho kinakwenda, na watoto wataamkia barabarani.

"Mie naingia kuongea naye," alisema.

"Hairuhusiwi!"

"Basi anifukuze mwenyewe, kwa mdomo wake. Namlisha kila siku, hawezi kunitazama usoni?"

"Shemeji, usijitie aibu. Niache niingie, kengele ilie, yaishe kwa heshima. Gozbert, sogea hapa mlangoni. Jabiri! Kaa tayari."

Jabiri, askari wa geti, akaja akivuta mkanda. Alikuwa mtu wa kutii. Kengele tatu ziliwahi kumlilia shemeji yake wa kuzaliwa tumbo moja na mkewe, naye akamtoa, kisha akamkabidhi kofia yake nje ya geti kwa adabu zote.

"Mtanisamehe, ndugu zangu," alisema. "Mie nafuata kengele."

Alfonsi akanyoosha mkono kwenye kitasa. Apolonia akainamisha birika.

Chai ikamiminika inchi chache tu kutoka kwenye viatu vyeusi vya Alfonsi, viatu vizuri ambavyo alisema kapewa na Bwana. Nyapara akaruka kama mbuzi. Kabla hajatua, Apolonia alikuwa ameshafungua mlango, ameingia, na komeo amelitia.

"Samahani, Bwana," alianza, macho chini. "Mie ndiye yule wa dagaa."

Hakuna aliyeitikia. Akainua macho.

Pama ilikuwa imevikwa kwenye mti wa fagio, na fagio limefungwa kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Kalenda ukutani ilikuwa bado Machi, na nje kipupwe kilishaingia. Mezani, katikati ya vumbi, palikuwa na kengele, vichwa vya dagaa na kopo la ugoro la Alfonsi.

Mlango ukapigwa ngumi.

"Shemeji! Fungua tuyaongee! Gozbert atarudi kazini, mie mwenyewe nitamwombea kwa Bwana! Fungua!"

Apolonia alikitazama kioo. Gozbert alikuwa hajasogea. Mlangoni palikuwa na kivuli cha mtu mmoja tu.

Akalisukuma fagio pembeni, akaketi kitini, akaivaa pama. Kisha akaichukua kengele, akaipiga mara tatu.

"Jabiri, ngoja! Niachie! Mle ndani hamna—"

"Hamna nini, Bwana nyapara?" aliuliza Jabiri kwa upole.

Vile viatu vizuri vikasikika vikiburutwa kwenye changarawe, mpaka getini.

Apolonia alingoja geti lifungwe. Kisha akapiga kengele mara mbili.