Kila Jina Litaandikwa

Uliwaona. Siku wale saba walipotoka studio ya Kiragu kule Spring Valley, wamekumbatia kompyuta zao barabarani, wewe ulipandisha kioo cha gari. Si watengenezaji wa michezo ya simu tu? Watajijua.

Kosa lao? Mwongeli, mchoraji, alimchorea Kiragu mchezo mzima. Akaugua, akaacha kazi wiki moja kabla haujatoka. Kiragu akalifuta jina lake kati ya waliouunda. Sheria ya ofisi, alisema, huku akitabasamu.

Kaloki ndiye aliyewaongoza wenzake kugoma, wakamchukua Mwongeli, wakahamia Kinoo, chumba kimoja juu ya bucha. Shujaa! Asubuhi ya kwanza aliomba, akasema amina, kisha akaapa: "Hapa kila jina litaandikwa. Hata la anayefagia."

Mwongeli aliamini. Alitaka jambo moja tu, mamake alione jina la bintiye kwenye mchezo. Maana mama alikuwa bado anamwuliza, "Na hizo katuni utaacha lini utafute kazi?"

Akachora mchezo mpya kwa mkono: kila uso, kila kibanda, kila mbuzi. Matajiri wa kuwekeza kwenye teknolojia za kisasa walipoanza kuja kutazama, Kaloki alikuwa mpole ajabu.

"Dadangu, leo kuna wageni. Wewe chapa kazi ukiwa nyumbani."

"Si niwaonyeshe michoro?"

"Nitawaonyesha mimi. Na usitie sahihi kwenye picha, utawachanganya bure."

Bosi anayejali hivyo, kwa Kiragu ungempata wapi?

Mchezo ulipotoka, Mwongeli alimkalisha mamake kwenye kochi, akaucheza mpaka ukaisha. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

Kaloki alitokea mara tatu. Anayefagia alikuwepo; ahadi ni ahadi. Hata mwenye bucha alishukuriwa kwa kuwagawia umeme.

"Sasa wewe uko wapi?" mama akauliza.

"Ngoja, Mama. Michoro ndiyo inafuata."

Mama akavaa miwani, akasogea karibu, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma kanisani:

"Michoro yote imeundwa na kompyuta, kwa akili mnemba. Hakuna mkono wa binadamu uliotumika."

Toa simu yako. Ufute mchezo huo sasa hivi.