Kidirisha cha Kushoto

Kidirisha cha kushoto kilikuwa kimetoweka.

Fundi Rangi alikikodolea macho kioo cha kompyuta huku chai ikimpoa mkononi. Alikuwa ametoka kunawa uso, maana kichwa kilimgonga tangu alipoamka, na wakati wa kurudi akajigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, akautukana mlango kana kwamba una masikio. Sasa ameketi, na orodha ya mafaili yake haipo.

Jina la Fundi Rangi alipewa na wenzake ofisini, na alilistahili. Kazi yake ni kuandika programu, lakini nusu ya asubuhi huimaliza akipamba ile anayoandikia: usuli wa kijani kilichokolea, maandishi ya manjano, herufi nene kidogo, mafaili kushoto, kazi katikati, majibu ya majaribio kulia. "Hata bibi harusi hapambwi hivyo," wifi yake humtania. Huyo dada wa mumewe ndiye anayekaa naye chumba kimoja hapo ofisini, na ndiye mtu pekee anayelijua neno lake la siri.

Alibonyeza vitufe vya kurudisha kidirisha. Hakikurudi. Badala yake maandishi ya katikati yalisogea, na mwanzo wa kila mstari ukaliwa, kama karatasi iliyotafunwa na panya.

Kuna mtu kaingia humu, aliwaza.

Na humu si mahali pa kuchezea. Programu hiyo huendesha mashine za kutilia wagonjwa dawa mishipani, na toleo jipya lilikuwa liende hospitali mchana ule ule. Aliyateremsha maandishi mbio hadi mstari wa dawa ya watoto wachanga. Kipimo alichokiandika mwenyewe, akakikagua mpaka akakiota, kilikuwa sufuri nukta tano. Kioo kilimwonyesha tano.

Akafungua mipangilio, akaamuru kidirisha cha mafaili kihamie kulia. Kikaja papo hapo, kizima, kila faili ndani yake. Akashusha pumzi. Halafu akaona kwamba hilo ni baya zaidi. Mtu huyu haharibu ovyo. Anachagua, tena anamchezea.

Alitupa macho chumbani. Hapakuwa na mtu.

"Wifi!" aliita.

"Mbona unanipigia kelele, na niko hapa hapa?"

Sauti ilitoka karibu na sikio lake la kushoto. Aligeuka kwa mshtuko mpaka chai ikamwagika. Wifi yake alikuwa amesimama kando ya kiti, utadhani ameota kutoka sakafuni.

"Umeingia saa ngapi?"

"Niingie kutoka wapi? Nimesimama hapa tangu uketi. Nimekusemesha, ukaninunia."

"Neno langu la siri umempa nani?"

Tabasamu likamfutika usoni yule mwanamke. "Unaniuliza mimi hivyo?"

"Nakuuliza wewe! Kidirisha kimefungwa, mistari imeliwa, kipimo kimebadilishwa. Watoto watakufa, wifi! Nani mwingine anaweza?"

Alikuwa ameshaishika simu, namba ya hospitali iko tayari. Alijua akishapiga, kazi itasimama, wifi yake atafukuzwa, na nyumbani hakutakalika. Lakini woga ulikuwa umemzidi nguvu, na kidole kilikuwa kinashuka.

"Subiri. Nionyeshe kwanza, halafu unifukuzishe."

Wifi yake alizunguka nyuma ya kiti, akainama upande wa kulia. Akakitazama kioo. Akamtazama Fundi Rangi usoni, akarudi kwenye kioo, akamtazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Hasira yote ilikuwa imemwisha. Kilichobaki machoni mwake kilikuwa hofu.

"Nisomee mstari huu. Wote."

"Nisome nini? Tano! Si unaona mwenyewe? Tano!"

"Weka simu chini, mpenzi." Hakuwahi kumwita hivyo. "Hakuna aliyegusa kitu. Mistari ni mizima. Sufuri yako hii hapa kushoto, na nukta yake. Huioni?"

Alinyoosha mkono amwonyeshe. Fundi Rangi aliufuata kwa macho ukipita juu ya kioo, taratibu, kutoka kulia. Ulipofika katikati, kidole kikatoweka, kisha kiganja, kisha bangili.